Je, sumaku zaweza kuuokoa mguu wa mwanangu?

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kisauni. Mwanangu wa kwanza, Abdalla, ana miaka 16. Tangu Ramadhani alikuwa akilalamikia goti la kushoto, tukidhani ni mpira. Tulimpeleka kwa mkandaji mara tatu, uvimbe ukazidi. Alipopigwa eksirei na kukatwa kipande kikapimwa, tukaambiwa ni osteosakoma, saratani ya mfupa. Madaktari wanataka aanze kemo, zile dawa kali za kuua saratani, halafu apasuliwe, na wamesema huenda mguu ukakatwa. Mjomba wake ametutumia video ya sumaku ndogo ndogo zinazodungwa mfupani zikaichoma saratani bila kukata. Kuna wakala hapa mjini anasema India wanafanya hiyo, tuuze kiwanja chetu cha Mtwapa. Ni kweli? Tungoje hiyo badala ya kemo? Na bangili ya sumaku aliyovishwa na nyanyake ina faida yoyote? (Mama Abdalla)

Jibu: Wa alaikum salaam, Mama Abdalla, na pole sana kwa mtihani huu. Nakujibu kama mwanafizikia wa tiba. Kazi yangu ni mashine, mionzi na joto, si kuandika dawa, na juu ya dawa za Abdalla mwenye kauli ni daktari wake wa saratani. Lakini sumaku hizi nimezishika kwa mikono yangu nilipokuwa masomoni, na habari zake nimezifuatilia miaka mingi, kwa hiyo la video naliweza.

Jibu fupi nilitangulize, maana najua simu yako itapita mkono kwa mkono kwenye kikao cha familia: kemo isingoje sumaku, na kiwanja kisiuzwe kwa ajili ya video. Sasa nieleze kwa nini, tena kwa urefu, kwa sababu mjomba wake hakukosea kila kitu, na mtu asipoelezwa akaelewa hubaki na kinyongo kwamba kuna kitu anafichwa.

Watoto wa pwani wakipata sumaku ya spika mbovu huiburura mchangani, nayo hutoka imeota ndevu nyeusi. Vumbi lile jeusi ni madini yenye chuma, na mojawapo huitwa magnetaiti. Chembe za kwenye video ni magnetaiti hiyohiyo au ndugu yake, ila zimetengenezwa maabarani kwa kipimo cha nanomita 10 hadi 20 hivi. Unywele wako una upana wa kama nanomita 80,000, kwa hiyo chembe 8,000 za nanomita 10 zaweza kukaa mstari mmoja kwenye upana wa unywele mmoja. Kitu kikiwa kidogo kiasi hicho huwa na tabia ya ajabu. Sumaku kubwa ikiwa karibu, nacho huwa sumaku. Ikiondoka, husahau kabisa kwamba kilikuwa sumaku. Kusahau huko ni rehema, maana kama zingebaki sumaku zingeng'ang'aniana ndani ya damu na kuziba mishipa.

Joto linatoka wapi, basi? Halitoki kwa sumaku iliyotulia. Hutoka kwa sumaku inayogeuzwa huku na huku kwa kasi kubwa, tuseme mara 100,000 kwa sekunde moja, kwa koili ya umeme inayozungushwa kwenye kiungo cha mgonjwa. Chukua feri ya Likoni: imekaribia gati, kabla haijatia nanga inaambiwa geuka, ikigeuka inaambiwa rudi, haipumziki hata kidogo. Injini itachemka. Kila chembe iko katika hali hiyo, na usumbufu wake ndio joto. Mara ya kwanza nilipoona jambo hili mbele ya macho yangu ni kwenye koili ya shaba isiyozidi kikombe cha chai. Tulitumbukiza kichupa cha maji meusi kama wino wa ngisi, na pembeni yake kichupa cha maji matupu. Baada ya dakika chache maji meusi yalikuwa ya moto na yale meupe hayana habari. Nilicheka peke yangu kama mtoto. Kwa hiyo siwezi kumlaumu mjomba kwa kuvutiwa.

Wala si jambo la jana. Mwaka 1957 Gilchrist na wenzake kule Marekani walichapisha kazi ya kupasha moto tezi za limfu kwa chembe za oksidi ya chuma, ili kuzichoma seli za saratani zilizojificha humo. Kinachotafutwa ni joto la kati ya nyuzi 41 na 46. Kwenye joto hilo protini za seli huanza kuharibika, na seli hushindwa kurekebisha majeraha ya vinasaba vyake, kwa hiyo dawa za kemo na mionzi huikuta haina nguvu za kujitetea. Ndiyo maana watafiti wengi hawazungumzi juu ya joto peke yake. Huzungumza juu ya joto pamoja na dawa, au joto pamoja na mionzi. Video za WhatsApp hukata hapo.

Na mfupa nao una mpaka wake. Wasweden wawili, Eriksson na Albrektsson, walionyesha mwaka 1983 kwamba mfupa ukifikishwa nyuzi 47 kwa dakika moja tu unaanza kuumia kiasi cha kushindwa kujijenga. Linganisha: saratani unaitaka kwenye 43 au 45, na kwenye 47 mfupa wenyewe unakufa. Nafasi iliyobaki ni nyembamba kuliko ile anayoachiwa mpishi wa kaimati. Na ndani ya paja la mtu hakuna mpishi anayeona rangi. Damu inapita na kuchukua joto upande huu, upande ule hakuna mshipa na joto linarundikana.

Mahali ambapo tiba hii imevuka maabara na kufika kwa wagonjwa ni Ujerumani, kwenye uvimbe wa ubongo. Huko Berlin, Andreas Jordan na wenzake walitengeneza maji ya chembe za chuma ambayo daktari huyadunga ndani ya uvimbe, halafu mgonjwa hulala ndani ya mashine ya sumaku inayogeuka. Ulaya iliyaruhusu mwaka 2010 kwa uvimbe wa ubongo, yakitumiwa pamoja na mionzi. Hayakuruhusiwa kwa osteosakoma. Kampuni iliyoyatengeneza iliingia kwenye ufilisi mwaka 2022. Wagonjwa wale walikuwa na masharti ambayo sijaona video yoyote ikiyataja: madini yaliyozibia au kuvika meno karibu na eneo la tiba sharti yatolewe kwanza, kwa sababu nayo hupata moto. Na baada ya kudungwa, picha ya MRI, ile inayopigwa kwa mashine ya sumaku kubwa, haisomeki tena kwa sehemu ile, maana chuma kile huacha doa jeusi pale pale ambapo daktari angetaka kuona.

Sasa uhamishe jambo hilo kutoka ubongoni hadi kwenye goti la Abdalla. Ubongo ni laini, sindano inapita. Osteosakoma ni uvimbe unaotengeneza mfupa. Jina lenyewe limetokana na mfupa. Kuingiza maji ndani yake ni kama kumwagia maji jiwe la matumbawe la nyumba za Mji wa Kale: pengine yatanywewa, pengine yatateleza, na wewe unayetazama kwa nje huwezi kujua yamefika wapi. Pale maji yasipofika, joto halifiki, na seli za pale zinabaki hai. Tena kuna suala la kipimo. Maji yale ya Berlin yana miligramu 112 za chuma katika kila mililita, na hudungwa takriban robo ya mililita kwa kila sentimita moja ya ujazo wa uvimbe. Uvimbe wa paja la kijana unaweza kuwa na sentimita 200 za ujazo bila taabu. Piga hesabu ya duka: 200 kwa robo ni mililita 50, mara 112 ni zaidi ya gramu 5 za chuma. Mwili mzima wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma, na hauna njia ya maana ya kukitoa kikizidi. Hapa pwani, ambako familia nyingi zina mtoto wa sikoseli aliyeongezewa damu mara kwa mara, hatuhitaji kuhadithiwa chuma kikirundikana kwenye ini na moyo kinafanya nini.

Utaniuliza, si zitiwe kwenye mshipa tu, zivutwe na sumaku hadi kwenye goti? Swali zuri, na limeshajaribiwa. Mwaka 1996, Lübbe na wenzake wa Berlin walichapisha jaribio la kwanza la namna hiyo kwa binadamu: wagonjwa 14 wenye saratani mbalimbali, dawa ya kemo iitwayo epirubisini imeshikizwa kwenye chembe za chuma, sumaku imewekwa karibu na uvimbe. Chembe zilifika kwenye uvimbe kwa karibu nusu ya wagonjwa. Tatizo ni kwamba mwili una walinzi wake. Ini na wengu zimejaa seli ambazo kazi yake ni kuzoa takataka za damuni, na kwa macho yao chembe hizi ni takataka. Mwaka 2016 kikundi cha Toronto kilikusanya majaribio ya wanyama ya miaka kumi, ya nanochembe za kila aina, si za chuma peke yake, na kukuta kwamba kiasi cha kati kinachofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 ya kilichodungwa. Chembe 1,000 zinatoka, 7 zinafika. Na nguvu ya sumaku ya nje hufifia haraka sana ukienda ndani: goti la kijana mwembamba angalau liko karibu na ngozi, nyonga haifikiki.

Haya yote, Mama Abdalla, ni matatizo ya ufundi, na ufundi huboreka. Kama yangekuwa hayo tu, ningekuambia subiri miaka. Lakini kuna jambo jingine kubwa kuliko haya, na ndilo lililonifanya nikae niandike barua ndefu hivi.

Tuseme nimekosea yote. Tuseme kesho mtu analeta Mombasa mashine iliyokamilika, inachoma kila seli ya saratani ndani ya goti la Abdalla, mfupa haukuumia, mguu mzima, hata kovu hamna. Je, angekuwa amepona? Tunajua jibu, kwa sababu zamani walikuwa na njia ya kuondoa kila seli ya saratani ya goti: walikata mguu. Kabla ya kemo, vijana wa osteosakoma walikatwa mguu mapema, juu kabisa ya uvimbe, na zaidi ya wanane kati ya kumi saratani ilirudi. Haikurudi kwenye kisiki. Ilirudi kwenye mapafu.

Mwaka 1986 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambao nadhani kila mzazi mwenye mtoto wa osteosakoma anastahili kusimuliwa. Vijana 36 walifanyiwa upasuaji ulioondoa uvimbe wote, halafu wakagawanywa kwa bahati nasibu: wengine wapewe kemo, wengine waangaliwe tu. Baada ya miaka miwili, waliobaki bila saratani kurudi katika kundi la kuangaliwa tu walikuwa asilimia 17. Katika kundi la kemo, asilimia 66. Upasuaji ulikuwa sawa pande zote mbili. Kilichotofautisha ni dawa inayozunguka na damu mwili mzima.

Maana yake ni hii: siku goti la Abdalla lilipovimba kiasi cha nyinyi kuliona, yaelekea seli chache zilikwisha kutoka zikapanda na damu hadi mapafuni, ndogo mno kuonekana kwenye picha za CT. Sumaku ni tiba ya mahali pamoja, na ugonjwa huu haukai mahali pamoja. Wala usiambiwe kwamba chembe za sumaku zitazifuata seli hizo mapafuni. Kaa moja la moto halichemshi sufuria. Chembe moja, au hata elfu ndani ya seli moja iliyo peke yake, joto lake hutawanyika kwenye maji ya mwili kabla seli haijahisi kitu. Joto hili linahitaji chembe nyingi sana zikiwa zimerundikana pamoja, yaani uvimbe wa kuonekana. Seli zilizotawanyika, ambazo ndizo zinazoua, ndizo hasa ambazo sumaku haiziwezi.

Kwa hiyo swali la «sumaku badala ya kemo» limekaa upande. Siku sumaku itakapokuwa tayari, itashindana na kisu. Haitashindana na kemo. Hata video ingekuwa kweli tupu, Abdalla angehitaji kemo ileile.

Na kemo yenyewe si siri. Dawa ni methotreksati kwa kipimo kikubwa, doksorubisini, ile nyekundu ambayo wauguzi watakuonya kwamba mkojo utabadilika rangi, na sisplatini. Hospitali isipoweza kupima kila siku kiwango cha methotreksati kilichobaki kwenye damu, madaktari huiacha wakatumia hizo mbili, na huko si kumnyima mtoto, ni kumlinda. Kwa kawaida hupewa kama wiki kumi, halafu upasuaji, halafu kemo tena, jumla yake kama miezi saba. Ni nzito. Ataterema leo, kesho atatapika, nywele zitaanguka. Moyo utapimwa kwa sababu ya ile nyekundu, masikio na figo kwa sababu ya sisplatini. Katika hospitali zenye kila kitu, kijana ambaye saratani yake haijaonekana nje ya mfupa ana nafasi ya 6 hadi 7 kati ya 10 ya kufika miaka mitano. Kwetu idadi huwa chini, na sababu mbili kubwa zinajulikana: watoto wanafika wamechelewa, na wengine wanaacha kemo katikati. Ya kwanza imeshapita. Ya pili bado iko mikononi mwenu.

Nirudi kwenye sumaku kidogo, maana kuna sehemu ya habari hii ninayoipenda na sitaki uondoke ukidhani ni upuuzi.

Wajapani wameifanyia kazi mifupa kwa njia ya busara. Huko Kyoto, kwenye kikundi cha watafiti Kokubo na Yamamuro, walitengeneza kauri yenye chuma ndani yake, inayoshikana na mfupa na pia kupata moto ndani ya koili, na mwaka 1993 wakaripoti kuitumia kwa sungura waliopandikizwa uvimbe kwenye muundi. Kisha Chuo Kikuu cha Mie, mwaka 2007, Matsumine na wenzake wakaripoti juu ya binadamu: wagonjwa 15 ambao saratani zao za sehemu nyingine zilikuwa zimehamia mifupani. Walikwangua uvimbe, wakaimarisha mfupa kwa chuma cha kawaida cha daktari wa mifupa, pengo wakalijaza saruji ya kalsiamu fosfati iliyochanganywa na unga wa magnetaiti. Kisha wakaipasha moto ile saruji kwa koili mara kadhaa, ili mabaki ya saratani kwenye kingo za pengo yaungue. Ona walivyokwepa taabu nilizokutajia. Hawakudunga kwenye jiwe, waliweka kwa mkono. Hawakutegemea damu. Na hawakudai kuponya. Walitaka mfupa usivunjike na maumivu yapungue kwa watu wazima ambao saratani imekwisha kusambaa. Hiyo ni tiba yenye adabu.

Tangu hapo maabara nyingi zinatengeneza vijiwe vyenye matundu, vya madini yaleyale ya mfupa yaliyotiwa chuma, ili vizibe pengo baada ya upasuaji, vichome mabaki, kisha mfupa mpya uote ndani yake. Wengine wanachagua madini ambayo yakifika joto fulani hupoteza usumaku wake yenyewe, kwa hiyo hayawezi kupita hapo hata koili ikisahauliwa imewashwa. Hilo linatatua ile nafasi nyembamba ya 43 na 47. Hapo ndipo macho yangu yalipo. Kama nitaona sumaku ikimsaidia kijana wa osteosakoma maishani mwangu, nadhani itakuwa kwa njia hii: ndani ya pengo, baada ya kisu, katikati ya kemo. Kwa sasa, kwa ugonjwa wa Abdalla, kazi hii ingali ya maabara na wanyama.

Huyo wakala wenu sitaki kumjadili sana. India ina madaktari hodari wa saratani ya mifupa na Wakenya wengi wametibiwa huko wakarudi salama. Lakini walitibiwa kwa kemo na upasuaji. Mwombeni akuleteeni kwa maandishi jina la hospitali, jina la daktari, jina la tiba, na kama ni majaribio, karatasi ya kamati ya maadili iliyoyaruhusu. Jaribio la kweli halimtozi mgonjwa bei ya kiwanja ili ajaribiwe. Akianza kuzungukazunguka, mpeni kahawa mmuage.

Swali ambalo hukuliuliza waziwazi ni la mguu. Sumaku iliwavutia kwa sababu ya mguu, si kwa sababu ya fizikia. Basi muulizeni daktari wa mifupa moja kwa moja: mguu huu unaweza kuhifadhiwa? Leo vijana wengi hawakatwi. Kipande cha mfupa chenye uvimbe hutolewa, pakawekwa kiungo cha chuma. Inategemea kama uvimbe umezunguka mshipa mkubwa wa damu na neva nyuma ya goti, kama mfupa umevunjika, kama kiungo hicho kinapatikana na kwa bei gani, na jinsi kemo ya kwanza ilivyofanya kazi. Kipande kitakachotolewa kitapimwa. Zikionekana zimekufa seli asilimia 90 au zaidi, hiyo ni habari njema. Yaani kijana anayewahi kemo na kuimaliza ndiye anayejipa nafasi bora ya kubaki na mguu. Kama Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara, wataona apelekwe Nairobi kwa upasuaji, msione ni kufukuzwa. Upasuaji wa aina hii ni bora ufanywe na mtu anayeufanya mara kwa mara. Na kama jibu ni kukatwa, ulizeni mapema juu ya mguu wa bandia na mazoezi, msingoje mpaka kidonda kipone.

Pesa za kiwanja, kama mtafika huko, zina kazi nyingine. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina fungu la saratani. Afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye atakayewaeleza linafika wapi na linaishia wapi, mfuateni wiki hii. Kinachowashinda wazazi mara nyingi si bili kubwa, ni nauli ya kila wiki tatu, chakula, na siku za kazi zilizopotea. Huko ndiko kemo hukatikia.

Mawili ya nyumbani. Kukanda kukome kabisa. Sikulaumu kwa zile mara tatu. Goti la kijana wa mpira huvimba kwa sababu mia, na hata hospitalini uvimbe kama huu hudhaniwa usaha wa mfupa, kifua kikuu cha mfupa au sikoseli. Lakini sasa mnajua ni nini, na mfupa ule ni dhaifu, ukikandwa unaweza kuvunjika. La pili, nunueni kipimajoto. Kemo ikishaanza, Abdalla akifika nyuzi 38, iwe usiku, iwe Idi, ni hospitali moja kwa moja. Hapa kwetu homa yoyote tunaiita malaria na kukimbilia duka la dawa. Kwa mtoto wa kemo aliyeishiwa chembe nyeupe za damu, kungoja mpaka asubuhi kunaweza kumuua.

Imebaki bangili ya nyanyake. Sumaku yake imetulia, haigeuki, kwa hiyo haipashi moto kitu, na wala hamna chembe ndani ya Abdalla za kuitikia. Haimdhuru pia, na kama inampa nyanya utulivu wa moyo sioni sababu ya kumgombeza mzee. Avae. Ila siku ya MRI ivueni mapema, tena iacheni nyumbani, msiende nayo mfukoni. Sumaku ya mashine ile ina nguvu za kuipokonya kutoka mkononi na kuirusha.